Kufuta Alama za Ewald

Ijumaa ile, wakati wanawake wanapakia reki kwenye pikapu, Bwana Kavari alitangaza kwamba Jumatatu wangehamia Korongo la Mbweha. Alitangaza huku anatafuna nyama kavu, macho kwenye simu, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Hakujua. Yeye ni mtu wa Otjiwarongo, kazi ndiyo iliyomleta huku Swakopmund, pwani ya Namibia, kuwasimamia wafuta alama za magari, na habari za mtaa wetu wa Mondesa zilikuwa zikimpita pembeni.

Ndeshi alijua. Yeye na Elfriede wamepakana ukuta miaka mingi, hata chumvi wanaazimana kupitia dirishani. Akamsogelea mwenzake.

"Dada, umesikia?"

"Nimesikia."

"Kasema Korongo la Mbweha."

"Si nimesema nimesikia? Lete huo ufagio, watu wanataka kwenda makwao."

Kwenye korongo hilo ndiko alikofia Ewald, mtoto wa pekee wa Elfriede, mwongoza watalii, alipotumbukia na ile pikipiki yake ya magurudumu manne. Miaka miwili ilikuwa imepita na alama za magurudumu yake zilikuwa bado zipo palepale. Uwanda wetu wa kokoto haujifuti. Mvua inayonyesha huku haitoshi kuosha sahani. Pita na gari leo, mjukuu wako atakuja aulize ni nani huyu aliyepita. Na sasa Elfriede alikuwa analipwa mshahara kwenda kuzifuta alama za mwanawe kwa mikono yake.

Usidhani alilala akigeukageuka kitandani. Alilala fofofo. Hilo ndilo lililokuwa likimtisha Ndeshi.

Elfriede Naruses alizaliwa kwenye shamba la mtu karibu na Usakos, baba yake akichunga mbuzi wasio wake. Alikuja Swakopmund akiwa msichana, akaingia chumba cha kufulia cha hoteli moja, akafua mashuka mpaka vidole vikakunjamana. Mgeni analala usiku mmoja, mashuka mawili, taulo tatu, na ya nne ya kufutia miguu ya kutoka baharini. Maji yalikuwa yakimwagika mle ndani kama tuna mto. Jioni akirudi kwake alipanga foleni kwenye bomba la kadi na ndoo yake moja, na kadi ikiisha pesa, maji yamekatika. Mgeni njoo, mwenyeji apone, Waswahili wanasema. Haya, tumepona. Vijana wengi wa Mondesa wanakula kwa sababu ya wageni, nami siwezi kuutukana mkono unaonilisha. Ila kuna siku natamani mgeni akija, aje na maji yake na miguu yake, mashine aziache kwao.

Mgongo ulipomkataa, Elfriede aliacha mashuka akaanza kukaanga fetkuk, yale maandazi makubwa yanayojazwa nyama ya kusaga. Alitandika meza yake nje ya geti la kampuni ya pikipiki za watalii, ukingoni mwa mji, pale lami inapokutana na mchanga. Wateja wake walikuwa waongoza watalii, na mmoja wao alikuwa Ewald.

Kijana mwenyewe alikuwa mwembamba, mcheshi, mdomo haukai. Tairi lake moja la nyuma lilipasuka, kampuni ikamfungia la mashine nyingine iliyokufa. Matairi matatu yakawa na michoro ya mishale, la nne lina michoro ya vitofali. Kila asubuhi alikuwa akija mezani kwa mama yake na utani uleule.

"Mama, nipe mbili. Moja yangu, moja ya punda wangu. Maskini, ana kwato moja ya kuazima."

"Punda hali nyama."

"Huyu wangu anakula mpaka vidole, muulize fundi."

Wazee wa Kidamara walikuwa na desturi: binti anabeba jina la baba, mvulana anabeba jina la mama. Siku hizi wengi wamefuata karatasi za serikali, lakini Elfriede alikuwa ameshikilia ya wazee. Yeye ni Naruses, mwanawe akawa Naruseb, jina lilelile kwa umbo la kiume. Mvulana akifanya vizuri, jina la mama linang'aa. Akifanya vibaya, nalo linabeba aibu.

Siku yenyewe ukungu ulikuwa mzito hata geti halionekani kutoka mezani. Mwongozaji mmoja, mwenzake Ewald, alikuja akikimbia, akasimama mbele ya meza, mdomo wazi.

"Mama... Ewald..."

"Amekufa?"

Kijana akaitikia kwa kichwa. Elfriede akatazama sufuria. Fetkuk zilikuwa zimeshaingia kwenye mafuta, upande mmoja umeiva. Akazigeuza. Akasubiri upande wa pili. Akaziopoa, akamhudumia dereva mmoja aliyekuwa akingoja, akampa na chenji yake. Kisha akazima jiko, akavua aproni, akaikunja. Mafuta yalikuwa yamemrukia mkononi pakavimba lengelenge, naye hakulisikia mpaka Ndeshi alipomwonyesha kesho yake.

Tangu hapo ndivyo alivyokaa. Alikula akipewa. Alicheka wengine wakicheka, kwa kuchelewa kidogo. Watu walisema ni jasiri. Ujasiri gani! Nyumba iliyozimwa taa haina ujasiri wowote.

Na kulikuwa na lile la mazishini. Meneja wa kampuni alisimama kanisani, shati jeupe, akasema marehemu alikuwa kijana mchangamfu, kwa bahati mbaya siku ile aliwatoa wageni kwenye njia inayoruhusiwa, bila shaka kwa kutafuta bakshishi, na wageni wenyewe wawili, waliosalimika, waliwaeleza polisi hivyo kabla ya kupanda ndege. Kanisa zima likaguna. Nyuma mtu akanong'ona kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mnong'ono wa kanisani unajua unavyotembea. Elfriede alipofika kwenye jeneza, watu walitega masikio wasikie mama atasema nini. Akasema, "Mpumbavu wewe." Akarudi kukaa kwenye benchi.

Aliamini. Alimjua mwanawe kwa kupenda kuonekana hodari, na bakshishi nani haitaki? Akauweka moyo wake juu ya neno lile moja, mpumbavu, akaufunga.

Meza ya fetkuk haikuwezekana tena pale getini. Ndipo Ndeshi akamvuta kwenye kazi ya kufuta alama, iliyoanzishwa na watu wa hifadhi. Ni kazi ya ajabu ukiisikia, lakini ina mantiki yake. Alama moja ya gurudumu huita nyingine. Mtalii akiona mkondo wa matairi umechepuka barabarani anadhani ni njia, anaufuata, na wa tatu anamfuata yeye, mpaka uwanda mzima unakuwa kama daftari la mtoto wa chekechea. Na uwanda ule, ingawa mgeni anauona mtupu, una uhai wake. Kuna ukoga unaoota juu ya kokoto, wa kijivu na wa rangi ya chungwa, unaokunywa ukungu wa asubuhi na kukua polepole kuliko ukucha wa maiti. Gurudumu likiupondaponda leo, mimi na wewe tutakufa haujarudi.

Kufuta kwenyewe kuna utaratibu. Kokoto zetu zina uso mweusi uliochomwa na jua na tumbo jeupe. Gurudumu huzipindua, ndiyo maana mkondo unaonekana mweupe kutoka mbali. Basi unainama, unazigeuza kwa mkono moja moja, uso juu. Kingo za mkondo unazisawazisha kwa reki. Mwisho unafagia. Na daima unaanzia mwisho wa mkondo, kule mbali, unarudi kinyumenyume kuelekea barabarani, ili ufagio ufute na nyayo zako mwenyewe. Ukisahau ukatembea mbele mbele, Bwana Kavari atakupigia kelele mpaka mbweha wahame.

"Nyie Wadamara," Ndeshi alipenda kumchokoza, "kila jiwe lazima mlisalimie kwanza? Hujambo jiwe, umeamkaje jiwe. Tutafika lini?"

Zamani Elfriede angemjibu kwamba Waovambo, watu wa kwao Ndeshi, wakiona jiwe wanaliuliza kama linauzwa. Sasa alisema tu, "Fanya kazi."

Jumatatu pikapu iliwashusha Korongo la Mbweha ukungu ndio kwanza unainuka. Bwana Kavari akaonyesha kwa fimbo. Mikondo ilikuwa mingi, imelaliana, yote inatoka barabarani na kuelekea korongoni.

"Hii mitatu ya kati ndiyo baba yao," akasema. "Ya zamani. Ndiyo iliyowaita hawa wengine wote. Ile mingine ni ya juzi juzi tu."

Ndeshi akamvuta pembeni, akamnong'oneza. Mtu mzima yule akavua kofia, akakosa pa kuiweka.

"Mama, nisamehe. Sikuambiwa. Nenda na wale wa upande wa barabara, hapa nitaweka mtu mwingine."

"Bosi, huu ni wangu. Nitaufuta mimi."

"Au tuuache tu, Mama. Mkondo mmoja hautaua mtu."

Elfriede akamtazama. Bwana Kavari akaivaa kofia yake tena.

Elfriede alitembea na Ndeshi hadi ukingoni mwa korongo, kuanzia mwisho kama ilivyo desturi. Pale ukingoni hapasomeki kitu. Siku ile watu wa uokoaji walikuja wakitokea upande wa pili, wakakanyagakanyaga, gari la polisi likazunguka, ikawa vurugu tupu ya matairi. Ila juu ya vurugu ile kulikuwa na mkondo mpya, kokoto zake nyeupe pe, uliokuja moja kwa moja na kusimama pale udongo unapomegeka. Kando yake palikuwa na nyayo za watu wawili walioshuka kuchungulia. Moja kubwa. Nyingine ya kiatu cha mtoto, pengine wa darasa la pili au la tatu.

"Bwana weee," Ndeshi akasema. "Wamekuja na mtoto huku."

Elfriede aliweka reki chini. Akachuchumaa, akaanza kugeuza mawe.

Walipotoka kwenye ile vurugu, mikondo ikaanza kujitenga na kusomeka. Miwili ya watalii, mishale mitupu. Na wa Ewald, mishale upande mmoja, vitofali upande wa pili, ile kwato ya kuazima. Aliutambua upesi, kama unavyotambua kikohozi cha mtu wako kwenye umati. Hakusikia kitu moyoni. Akageuza jiwe, akageuza jiwe, akavuta reki.

Walikuwa wamefika mbali kidogo aliposimamisha reki.

"Ndeshi. Njoo utazame hapa."

"Nini? Nyoka?"

"Tazama vitofali. Vimepita juu au chini?"

Ndeshi akainama. Yeye si msomaji wa nyayo, alikulia kwenye mahindi, lakini hili lilihitaji macho tu. Mahali mikondo ilipokutana, vitofali vilikuwa vimeikanyaga mishale ya watalii na kuivunja.

"Juu," akasema.

"Na kule nyuma?"

"Kule... hata kule juu. Ala!"

"Mwongozaji hutangulia, Ndeshi. Daima. Mgeni anafuata nyuma yake. Angetangulia, wao ndio wangemkanyaga yeye."

Wakatazamana. Waliendelea kurudi kinyumenyume, lakini sasa Elfriede alikuwa akisoma kwanza kila kipande kabla ya kukigusa, na kila mahali ilikuwa vilevile. Wageni mbele. Ewald nyuma yao.

Barabarani ndiko ilikokuwa habari yenyewe. Mikondo ya wale wawili ilikuwa imechepuka pamoja, mahali pamoja, safi, bila kusita. Wa Ewald haukuwemo. Wa Ewald ulitoka barabarani mbele zaidi, upande wa kwenda mjini, ukapiga kona ya ghafla iliyochimba kokoto, ukarudi. Alikuwa anawapeleka nyumbani. Aligeuka akakuta hayupo mtu nyuma yake. Akarudi kuwatafuta ndani ya ukungu, na hapo, karibu na mahali walipochepukia, alisimamisha mashine, akashuka. Nyayo za buti lake zilikuwepo. Hatua chache, kisha mahali ambapo visigino vimezama na havikusogea, vimeelekea uwandani. Alisimama hapo akiita. Kisha nyayo zinarudi kwenye mashine, na mashine inawafuata.

"Alikuwa anawafuata awarudishe," Ndeshi akasema. "Dada. Hakuwapeleka yeye. Waongo wale! Waongo wakubwa, wamepanda ndege na uongo wao!"

Elfriede alisimama na reki yake, ameishikilia kama bibi ameshika mkongojo.

Bwana Kavari aliitwa. Akasoma mwenyewe, akienda na kurudi, akiguna. Akatoa simu akapiga picha nyingi, akazitazama kwenye kioo kwa kukizibia jua na kofia. Zilionyesha kokoto. Kokoto na kivuli cha kofia yake. Jua lilikuwa limefika utosini, na alama za uwandani saa kama hiyo jicho linaziona lakini simu haizioni.

"Tusubiri jua lishuke," akasema. "Au tusifute kabisa, Mama. Tufunge hapa kwa kamba. Nitatafuta mwanasheria, nitaita polisi waje waone."

"Polisi wapi, wale walioandika maneno ya wageni?"

"Watakuja wengine."

"Watakuja lini?"

Bwana Kavari akairudisha simu mfukoni.

"Msiguse!" Ndeshi akasema. "Dada, huu ndio ushahidi wa mwanao. Kanisa zima lilimgunia. Wewe mwenyewe ulimwita..." Akajishika mdomo.

"Nilimwita mpumbavu," Elfriede akasema. "Sema tu. Nilimwambia mbele ya watu, naye hakuwa na mdomo wa kunijibu."

Upepo wa mchana ulikuwa umeanza. Kwa mbali, upande wa mji, zilisikika mashine zikinguruma, kundi la mchana likitoka. Elfriede akageuka akatazama ile mikondo mipya inayofuata ule wa zamani, mmoja juu ya mwingine, ikielekea kule walikokuta alama ya kiatu cha mtoto.

"Alitoka hapa kwenda kuwazuia watu wasifike kule," akasema. "Na sasa alama zake ndizo zinazowapeleka. Kamba mtafunga, kamba itakatwa. Bosi, umeona?"

"Nimeona, Mama."

"Ndeshi, umeona?"

"Nimeona, dada. Mondesa nzima nitaiambia, mlango kwa mlango."

"Basi tunajua watatu. Mimi nafuta."

Hakuna aliyemzuia. Alianza na kona ile ya ghafla, jiwe moja moja, uso mweusi juu. Ndeshi alipiga magoti upande wa pili, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hakuuliza watafika lini. Bwana Kavari naye, tumbo lake lote lile, akachuchumaa akageuza mawe, na mengi aliyageuza vibaya ikabidi wayarudie. Mahali pa visigino Elfriede alipaacha mpaka mwisho. Alipofikia hapo aliweka viganja vyake ndani ya zile nyayo, kimoja kushoto, kimoja kulia, akakaa hivyo kwa muda. Kokoto zilikuwa za moto. Zilimchoma, akasikia zinavyomchoma. Kisha akafagia.

Walipomaliza, kutoka barabarani hadi ukingoni mwa korongo palikuwa na uwanda tu, mweusi, kama hapajapita mtu. Elfriede alisimama ukingoni mwa barabara, akakusanya pumzi, akaita kwa ile sauti wanayoitia kina mama wa Mondesa jioni, chakula kikiwa tayari na watoto hawajaonekana.

"Ewald! Wamekusikia, baba. Basi. Twende nyumbani."

Akapanda nyuma ya pikapu. Ndeshi aliyekuwa ameshakaa alisogea hadi ukutani mwa gari, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Reki na mafagio wakayaweka miguuni, ingawa palikuwa pamebana, na mpaka wanafika Mondesa nafasi ile hakuna aliyeikalia.